Kibanda cha Makaa na Moshi wa Dunia

Jumapili, 12 Oktoba 1997

Daktari amesema presha yangu haitoki kwenye chumvi, inatoka kwenye mdomo. Ati kila kinachoniudhi nikiandike badala ya kukipigia kelele. Haya, daktari, naanza. Mimi ni Asenath Ayuma, nauza makaa hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, na kibanda changu kimeegemea ukuta wa kanisa letu kwa upande wa barabarani. Kilichoniudhi leo ni bati. Mvua imeanza na linavuja pale pale nilipomwonyesha mume wangu Luseno tangu Julai. Alisema ataangalia. Anaendelea kuangalia.

Jumatano, 15 Oktoba

Mvua tena. Redioni wanaiita Elnino. Wateja wanalalamika makaa yana unyevu, kana kwamba ni mimi niliyeyanyeshea.

Jumapili, 19 Oktoba

Leo sikuudhika, na ninaandika ili daktari ajue inawezekana. Binti yetu Lorine ameandikwa kazi kwenye shirika moja la mazingira kule mjini. Ana meza yake na simu yake. Mzee Mulama, mwenyekiti wa kamati ya maendeleo ya kanisa, alimsimamisha katikati ya ibada tukampigia makofi. Alisema msichana huyu amesomeshwa na makaa, na watu wakacheka kwa mapenzi. Huyu Mulama ni mtu. Anakaa mtaa wa Buruburu, ana ofisi wizarani na Peugeot ya kwenda nayo, lakini ndiye aliyenitetea nikapewa nafasi ya kibanda Lorine akiwa bado shule ya msingi. Wakati ule nilimpelekea kuku. Leo ningempelekea mwingine.

Ijumaa, 24 Oktoba

Mvua. Bati: bado.

Jumapili, 2 Novemba

Nimerudi kutoka kanisani na ninaandika kabla sijavua viatu, kwa hiyo daktari usinilaumu kwa mwandiko huu.

Mulama alisimama kutoa matangazo. Shirika la Lorine litaleta mradi kanisani, miche ya miti na tangi la kuvunia maji. Mwezi ujao kutakuwa na semina kubwa hapa hapa, na wageni wa ng'ambo, wakati ule ule wakubwa wa dunia watakapokuwa wamekutana Japani kuzungumza juu ya hewa. Mpaka hapo nilikuwa naitikia amina. Kisha akasema mvua hii imeletwa na moshi, na moshi unaletwa na watu wanaokata miti na kuchoma makaa. Mungu alitupa hewa safi, akasema, na kuna wenzetu wanaoichafua ili wajaze tumbo. Kila alipotaja makaa shingo ziligeuka kunitazama, hata za watu walionunua kwangu jana jioni. Hata Wangeci aligeuka, yule anayepika chapati jirani na kibanda changu, na bila makaa yangu angekuwa anauza unga.

Lorine alikuwa ameketi mbele na mkubwa wake, bwana mmoja anayeitwa Gordon, shati jeupe, sauti ya chini. Nilimtazama binti yangu nikingoja ainue hata nyusi. Hakuinua.

Nyumbani nilimwuliza kama ni kweli jiko la mtu wa Umoja ndilo linalofurisha barabara ya Outer Ring. Akasema hapana. Elnino ni jambo la bahari ya mbali, maji yakipata joto kupita kawaida, na limekuwapo tangu enzi za mababu. Kama moshi wa dunia unaliongezea nguvu, wanasayansi wenyewe bado wanabishana. Nikamwuliza mbona basi hakusema. Akasema mtu hamkosoi mzee mbele ya kanisa. Hilo nilimfundisha mimi mwenyewe, kwa hiyo nikabaki na hasira yangu.

Jumapili, 9 Novemba

Sikwenda kanisani. Nimemwambia Luseno nina homa. Sina homa.

Alhamisi, 13 Novemba

Leo wamebandika mabango. Moja limewekwa kwenye lango la kanisa, hivi kwamba mteja akinyoosha mkono kupokea makaa yangu analiona. Kuna mwanamke mnene, gunia la makaa mgongoni, nyuma yake msitu umekatwa wote, na juu yake jua limekunja uso. Maandishi makubwa: MAKAA YANAUA DUNIA. Kitambaa chake cha kichwa ni cha rangi ya chungwa, kama changu. Watoto waliotoka shule walisimama wakatazama bango, wakanitazama, wakacheka mpaka wakashikana. Mmoja akaniuliza, "Mathe, walikulipa ngapi ya kukuchora?"

Lorine alipokuja jioni tulivurugana. Alisema mchoraji wa shirika hajawahi kuniona. Nikamwambia wewe umeniona tangu ulipofumbua macho, na bango lilipita mezani kwako. Akasema kwa sauti ile ya chini aliyoiiga kwa Gordon kwamba milima ya Ukambani imebaki na upara, na kama si makaa ni nini.

Sasa hapa nitaandika ukweli, maana daktari hakusema niandike uongo. Dereva anayeniletea makaa anasema kila mwaka anakwenda mbali zaidi kutafuta miti. Na kwetu Kakamega, kila nikienda Desemba naona msitu umerudi nyuma kidogo, kama mtu anayekukwepa njiani. Nayajua hayo, na yananiuma. Lakini sijui mtu wa Umoja apikie nini. Mtungi wa gesi hawezi kuununua. Stima huja na kupotea. Mafuta ya taa nayo ni yale yale, yanatoka ardhini. Nilimwuliza Lorine hayo yote na alisema shirika lina mpango wa majiko bora. Nikamwuliza yako wapi. Alisema yatakuja baadaye. Yaani bango limefika, jiko liko njiani.

Luseno alitwambia tuache, akaongeza sauti ya redio. Mtu anaendesha lori la taka siku nzima, akifika nyumbani hataki kusikia uchafu mwingine. Nilimkasirikia yeye pia.

Jumanne, 18 Novemba

Lorine amekuja bila kuitwa. Alikuwa na karatasi kubwa aliyoikunja mara nyingi, akaitandaza juu ya kitanda. Ni moshi wa dunia nzima, duara lililokatwa vipande kama chapati, kila kipande nchi yake. Alilichora yeye kwa ajili ya semina.

Marekani imejikatia karibu robo ya chapati peke yake. Wanachoma makaa ya mawe, mafuta na gesi kupata stima, na magari yao ni mengi hata mtu akienda dukani kununua mkate anaendesha. Uchina inafuata, makaa ya mawe na viwanda. Kisha Urusi, Japani, Wahindi, Wajerumani. Brazili na Indonesia amewaandika pembeni kwa sababu ya misitu wanayoichoma. Afrika nzima tumepewa kipande cha kumnyamazisha mtoto, na hicho chenyewe wakubwa wake ni Afrika Kusini na wale wenye visima vya mafuta. Nikatafuta Kenya. Lorine alinionyesha kwa ncha ya kalamu. Hakukuwa na kipande, kulikuwa na mstari tu. Na hata huo mstari, akasema, sehemu yake ni magari na viwanda, ni ile Peugeot ya Mulama. Nilimwuliza mimi niko wapi. Akacheka, nami nikacheka, mara ya kwanza tangu mabango.

Halafu nikamwuliza kwa nini duara hili lisibandikwe kwenye lango. Uso ukamsawijika. Gordon ameliondoa kwenye semina. Ati watu wa Umoja hawawezi kuifanya lolote Marekani, kwa hiyo waambiwe juu ya yale wanayoweza kubadilisha. Na tena baadhi ya wageni wametoka kwenye vile vipande vikubwa, si adabu kumwambia mgeni hivyo.

Nimelifikiria jambo hili tangu aondoke. Kosa amepewa yule anayeweza kufukuzwa. Nimeandika sentensi hiyo na presha imepanda, daktari, sijui dawa yako inafanya kazi gani.

Jumapili, 23 Novemba

Barabara ya Ukambani imekatika. Lori linaloniletea makaa limekwama huko na mzigo wote.

Jumapili, 30 Novemba

Mulama alinifuata kibandani baada ya ibada, akiwa na mwavuli. Hakuingia. Alisema kamati imekaa na imeonekana kibanda hakipendezi pale kilipo, hasa kwa kanisa lililopokea mradi wa hewa safi. Nihame. Nikamwuliza lini. Akasema semina ni Jumamosi, kwa hiyo hadi Ijumaa ingefaa.

Nilimkumbusha ni yeye aliyenipa nafasi ile. Alisema wakati huo hatukuwa na ufahamu. Nikamwuliza maji ya kuoga nyumbani kwake yanapashwa na nini. Akasema nisiyafanye mambo kuwa ya mtu binafsi, akaweka mwavuli sawa na kwenda. Huyu ndiye niliyetaka kumpelekea kuku.

Alhamisi, 4 Desemba

Sijahama. Niende wapi? Nilimwomba Wangeci nafasi kando yake, akasema angependa, lakini ana mkutano na kamati wiki ijayo kuhusu nafasi yake mwenyewe. Nilimwona anaogopa, nikashindwa kumtukana.

Luseno alitaka tubebe magunia yote nyumbani. Nikakataa, nikasema makaa yangu yatakaa kibandani mpaka atokee mtu wa kuyatoa. Alibeba gunia moja tu, akalisukuma chini ya kitanda. Nyumba inanuka makaa.

Ijumaa, 5 Desemba

Walikuja vijana wa kanisa, watoto niliowafundisha shule ya Jumapili. Mvua ilikuwa inanyesha ya kutosha kumzamisha bata. Mkubwa wao hakuweza kunitazama.

"Mathe, usituone wabaya," akasema. "Tumetumwa tu. Saa hii tukikataa, watatuma wengine."

Nilikalia ndoo yangu, nikawaambia wafanye walichotumwa. Waling'oa bati, wakang'oa mbao, wakazirundika nyuma ya choo cha kanisa. Magunia wakayatoa nje wakayapanga vizuri kando ya barabara, kwa heshima kabisa, kwenye mvua. Hakuna aliyefikiria kuyafunika, na mimi sikuwaambia. Maji yalitoka kwenye magunia meusi kama wino, yakateremka mpaka kwenye lango lao, chini ya lile bango. Nilikaa pale nikiyatazama. Nililia, ndiyo, lakini si kwa huzuni.

Lorine hakuja. Alikuwa mjini akikatia wageni vitambulisho.

Jumamosi, 6 Desemba

Nitaandika yote, hata mkono uchoke.

Kanisa letu lina desturi moja isiyovunjwa: mgeni haondoki na njaa. Akija mwinjilisti mmoja tunapika, wakija mia tunapika. Akina mama hugawana kazi, wengine ugali, wengine kuku, wengine mboga, na jikoni ni nyuma ya kanisa, majiko yamepangwa mstari. Kwa semina hii Gordon alisema isipikwe kwa makaa. Akaagiza mitungi ya gesi. Asubuhi gari la gesi halikufika, barabara ilikuwa mto. Stima nayo ilipotea. Wakasema basi, kwa leo tu, tutumie makaa.

Makaa gani? Malori hayajapita majuma mawili. Yaliyobaki Umoja yote yalikuwa yangu, na yangu yalikuwa yamelala nje yakinyeshewa. Akina mama walijaribu. Walimwaga mafuta ya taa, wakapepea, wakakohoa. Makaa yakatoa moshi bila moto. Moshi mwingi kuliko wote ulioonekana Umoja mwaka huu ulijaza lile kanisa, wageni wakiwa ndani wakizungumza juu ya moshi.

Mulama alikuja nyumbani kwangu mwenyewe, viatu mkononi. Wangeci alikuwa amemwambia kwamba tuna gunia kavu. Alisema ni aibu ya kanisa zima, kuku wameshakatwa vipande, wageni wameketi. Hakutaja jana. Kama angetaja jana ningelia na kumpa gunia papo hapo, najijua.

Luseno alikuwa ameketi kitandani, juu ya lile gunia. Alisema, "Mzee, leo muulize mwenye makaa." Katika ndoa yetu yote sijamsikia akisema neno la maana kuliko hilo.

Nikamwambia Mulama atapata gunia. Lakini lile duara la Lorine litundikwe mbele, na Lorine alieleze lote, kila nchi na kosa lake, kabla mtu hajaweka tonge mdomoni. Alinitazama kama mtu aliyeombwa figo. Alisema huo si uamuzi wake. Nikamwambia basi kuku ni wazuri hata wakiwa wabichi. Akakubali.

Nilisimama mlangoni mwa kanisa nikiwa na masizi mpaka kwenye viwiko. Lorine alilitundika duara lake. Gordon alikuwa amefumba mdomo kama amemeza nzi. Binti yangu alianza kwa sauti ya chini, kisha sauti ikaanza kuwa yake. Alisema Marekani, akasema kwa nini. Alisema Uchina, Urusi, Japani, Ujerumani. Alisema Kenya tusijisafishe, miti tunaikata na tutaijibia, na akawaonyesha mstari wetu. Mzungu mmoja mwenye ndevu alitikisa kichwa kukubali na kuandika haraka haraka. Alipomaliza, wageni walipiga makofi. Makofi mazuri tu, kama ya kumpigia mtoto aliyekariri.

Nadhani ni yale makofi yaliyomchoma. Alikuwa ameanza kukunja karatasi, akaacha.

"Chakula mtakachokula kinapikwa kwa makaa ya mama yangu," akasema. "Kibanda chake kilibomolewa jana ili nyinyi msikione. Mimi nililijua hilo tangu Jumapili, na nikanyamaza."

Mkalimani hakutafsiri. Gordon akasimama, akamshukuru dada Lorine, akasema chakula kiko tayari na tuombe. Mulama akaomba. Alimshukuru Mungu kwa ajili ya mama aliyejitolea makaa yake. Aliyejitolea! Kisha wakala. Walikula vizuri, wakarudia. Wakaondoka na magari yao yote yakiwa yamewashwa kwa muda mrefu pale langoni, yakingojana.

Jumapili, 7 Desemba

Lorine ameambiwa apumzike hadi mwaka mpya ndipo watazungumza. Anajua maana yake na mimi najua. Amelala kitandani kwangu mchana kutwa na sikumwamsha. Nilikuwa nimemwona mtoto msaliti tangu Novemba. Ningependa kuyafuta yale niliyoandika, lakini nayaacha.

Jumanne, 9 Desemba

Nimejaribu kuuza kwenye karai kando ya barabara. Mvua imekataa.

Ijumaa, 12 Desemba

Sikukuu ya Jamhuri. Hakuna kazi, hakuna shule, watu wamelala. Asubuhi tulikuwa mezani sote watatu na redio, na Lorine akasema nyamazeni. Ni habari za Japani. Wale wakubwa wamemaliza mkutano, wamekubaliana.

Nikamwuliza wamekubali nini. Akasema nchi tajiri, zikijumlishwa, zitapunguza moshi wao kwa asilimia tano hivi. Nikauliza tano katika mia, zile tisini na tano zinabaki? Akasema ndiyo. Nikauliza lini, wiki ijayo? Akaangalia kikombe chake.

"Kati ya mwaka wa elfu mbili na nane na elfu mbili na kumi na mbili," akasema. "Na lazima kwanza serikali zao ziafiki."

"Na sisi? Kenya tumeambiwa tupunguze kiasi gani?"

"Sisi hatumo, Mama. Nchi maskini hazikuambiwa zipunguze."

"Hakuna aliyeambiwa?"

"Hakuna."

Sikupiga kelele, daktari, na huo ni ushahidi kwamba kuna hasira inayopita kelele. Dunia nzima imekutana, imehesabu moshi wa kila nchi, na katika watu wote wa Kenya aliyeambiwa apunguze ni Asenath wa Umoja. Tena apunguze wote. Tena kabla ya Ijumaa.

Luseno aliinuka, akavaa buti za kazini, akachukua nyundo. Nilimwuliza anakwenda wapi siku ya mapumziko. Alisema anakwenda nyuma ya choo cha kanisa kuchukua mbao zetu. Lorine akamfuata, na mimi nikamfuata Lorine.

Tulikuwa tumesimamisha nguzo tatu, pale pale, ukuta ule ule, Lorine akishikilia na matope mpaka magotini, Peugeot ilipopunguza mwendo ikasimama. Mulama akateremsha kioo. Aliuliza kwa upole kama sikuyaelewa maamuzi ya kamati.

Nilimwambia niliyaelewa sana, na kwamba nimesikiliza redio nikaona ni vizuri nami nifuate dunia. Nimekubali kupunguza. Nitaanza mwaka wa elfu mbili na nane, nimalize elfu mbili na kumi na mbili, tano katika mia, serikali yangu ikiafiki.

Alitazama nguzo, akamtazama Lorine. Kioo kikapanda. Luseno akaniomba msumari mwingine, nikampa.